Eda Bila Talaka

“Washa kamera, Zule.”

“Imeharibika.”

“Jumapili iliyopita pia ulisema imeharibika.”

“Basi bado haijapona.”

Huko Somalia alikokuwa Odoch, upepo ulikuwa unapiga kwenye simu, na nyuma yake askari wenzake walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuwa na zamu ya robo saa ya kupiga video kwenye mtandao wa kambi, na robo saa hiyo yote ilikuwa ya mkewe.

“Mimi huku nimenyoa ndevu kwa ajili yako,” akasema.

“Najua. Hata sauti yako imenyolewa.”

Odoch akacheka, na Zuleika naye akacheka. Kosa kubwa! Kicheko kilimchoma shavu la kushoto mpaka machozi yakamtoka. Akaishika simu mbali ili mumewe asisikie anavyohema.

“Zule? Uko?”

“Niko. Mtandao tu.”

Uongo mtupu. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri ajabu, na kamera ilikuwa nzima kabisa. Kilichoharibika kilikuwa uso.

Tusizungushane. Zuleika alikuwa Mnubi wa Bombo, miaka thelathini na saba, mchoraji hina, na kama bibi harusi wa Kawempe hakuchorwa na Zuleika, basi mama yake alikuwa bahili. Odoch alikuwa Mwacholi wa Gulu, sajini, Mkatoliki wa kwenda misa. Walioana miaka sita iliyopita katika ofisi ya serikali, na upande wa Zuleika hakuja mtu hata mmoja. Mungu alikuwa bado hajawapa mtoto. Kwa hiyo Odoch alipopelekwa Somalia, nyumba ya vyumba viwili pale Kawempe ilibaki na mtu mmoja, redio moja na sahani moja ya kuosha.

Yote yalianzia kwenye kile kidirisha kidogo kinachokaa pembeni ukipiga simu ya video, kile kinachokuonyesha sura yako mwenyewe. Zuleika alikuwa haangalii mumewe tena, anajiangalia mwenyewe. Mashavu yameingia ndani. Chini ya macho kumebonyea. Na kazi yake, jamani, ni kukaa siku nzima akishika mikono ya wasichana wa miaka ishirini.

Nabilah, waliyesoma naye, ndiye aliyemwita Kabalagala, chumba cha ghorofani juu ya saluni.

“Mimi nimejifunza Dubai,” Nabilah alimwambia huku akivaa glavu. “Sindano mbili huku, mbili huku. Shavu linajaa, unarudi bibi harusi.”

“Ni dawa gani hiyo?”

“Fila, dada! Ya kujaza uso. Dunia nzima wanachoma. Wewe unaogopa sindano na mumeo anasimama mbele ya bunduki?”

Zuleika akafumba macho, akachomwa.

Na tuseme ukweli, wiki tatu za kwanza zilikuwa tamu. Odoch alisogeza uso kwenye simu akauliza, “Banange, unakula nini huko bila mimi?” Siku hiyo Zuleika alifua mapazia huku akiimba.

Wiki ya nne akaamka na shavu la kushoto la moto. Lilivimba mpaka jicho likabaki nusu. Vinundu viwili vikatokea, kimoja chini ya jicho, kidogo kama harage, kingine karibu na taya, kikubwa na kigumu. Upande wa kulia nako kukaanza kuota kimoja.

“Kanda na maji ya moto,” Nabilah akamwambia kwenye simu. “Sugua kwa nguvu, vinavunjika.”

Alikanda na kusugua siku tano. Vikaongezeka.

“Umesugua vizuri lakini?” Nabilah akamuuliza, kana kwamba anauliza habari za sufuria.

Baada ya hapo simu yake haikupatikana. Zuleika akapanda boda mpaka Kabalagala, akakuta chumba kile kimefungwa. Chini, kijana muuza chipsi akamwambia, “Yule alihama, nyabo. Wanawake wengi wanakuja kumuulizia.” Halafu akamtazama uso, akainamisha macho kwenye chipsi zake.

Hospitali hakwenda. Utauliza kwa nini. Kwa sababu daktari angemuuliza nani kakuchoma, na kwa nini, na yeye angejibu nini? Kwamba mume yuko vitani na mke yuko nyumbani anajaza mashavu? Aibu ilimshika, ikamfungia ndani.

Kwenye sanduku lake la hina kulikuwa na nikabu nyeusi aliyopewa zawadi na mama wa bibi harusi mmoja. Hakuwahi kuivaa. Asubuhi moja akaivaa ili akanunue maziwa. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Akarudi nyumbani akakaa kitandani nayo usoni, akapumua vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda vibaya, maana nikabu ilimletea heshima asiyoitafuta.

“Mashallah, Zuleika!” mama mmoja alimpokea mlangoni. “Mungu amekufungua macho!”

“Amin,” akajibu, na jicho lake moja halifunguki.

Wakaanza kumwita Ustadha. Wengine wakamwomba awasomee watoto dua. Kwenye harusi wenzake walikaa kwenye mkeka wakila pilau na kuchekana, yeye akafungiwa chakula kwenye kavera, mfuko wa plastiki, kwa kuwa hawezi kufunua uso mbele za watu. Alikula nyumbani, peke yake, akitafunia upande wa kulia, huku amekigeuzia kioo mgongo.

Mwezi wa tatu wa kamera mbovu, Odoch alimpa mwenzake aliyekuwa anakuja likizo simu mpya amletee mkewe. Simu ikafika kwa Akullo, dadake Odoch anayekaa Bwaise. Zamani Akullo alikuja kila Jumamosi, wanapika, wanasengenya kutwa. Sasa mlango wa Zuleika ulikuwa umefungwa muda wote.

“Mulamu, wifi yangu, fungua! Nina mzigo wako.”

Zuleika akafungua kidogo, akiwa amejifunika. Akullo akarudi nyuma hatua moja.

“Yesu wangu! Ni wewe?”

“Ni mimi, mulamu. Asante kwa kuileta.”

“Unajifunika mpaka ndani ya nyumba yako? Mimi ni mwanamke mwenzako.”

“Nimeamua tu.”

“Kale, sawa. Niruhusu niingie, ninywe maji.”

“Leo siwezi.”

“Nani yuko ndani?”

“Hakuna mtu, Akullo, wallahi.”

Akullo akamtazama yale macho, moja kubwa na moja dogo kwenye kivuli cha kitambaa, asielewe anaona nini. Akampa boksi la simu mkononi.

“Kaka yangu anakupenda mpaka anatia aibu,” akasema. “Kama umemchoka mwambie. Usimchezee.”

Akaondoka. Zuleika akasimama nyuma ya mlango akisikiliza viatu vyake vikiishia kwenye changarawe. Alitamani kumwita. Hakumwita, na Jumapili Odoch alipouliza kamera ya simu mpya, akasingizia mtandao.

Habari za nikabu zikafika Bombo. Alhamisi moja mtu akabisha hodi, na alipochungulia alikuwa Abdul-Latif, baba yake mdogo, aliyemlea baada ya babake kufariki, na ambaye hakuwa amekanyaga nyumba hiyo miaka yote sita. Mzee akaingia, akakaa kwenye kiti cha Odoch, akaomba chai.

“Mwanangu,” akasema.

Neno lile tu! Miaka sita hakulitamka. Zuleika alilazimika kushika ukingo wa meza.

“Naam, Baba.”

“Watu waliniambia, sikuamini. Sasa nimeona kwa macho yangu. Umejisitiri. Hutoki ila kwa kazi. Hupokei wageni. Mwanaume huongei naye. Miezi mitatu na zaidi.”

“Ndiyo, Baba, lakini…”

“Usinieleze. Nimeelewa. Umemwacha yule askari kimyakimya, bila kelele, ukajiwekea eda yako mwenyewe ndani ya nyumba. Nimelia njiani, Zuleika. Mimi mzee nimelia ndani ya gari la watu.”

Eda! Zuleika akafungua mdomo chini ya kitambaa. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lakini mtazame: mtu ambaye kwa miezi hajakaa na mtu yeyote kwenye meza moja, na huyu hapa babake, anakunywa chai yake, anamsifu kwamba tangawizi imekolea. Akafunga mdomo. Alitaka tu amalize kile kikombe, halafu atamwambia. Kikombe kikaisha, na hakumwambia.

“Yuko Ramathan, mwenye malori,” mzee akaendelea. “Mkewe alifariki. Mtu wa dini, mpole. Nitamleta Jumapili.”

Zuleika akaokota kikombe kitupu.

“Wewe si mwari ambaye kimya chake ni ndiyo; chako hakinitoshi. Jumapili nataka nisikie neno kutoka mdomoni mwako.”

Jumamosi adhuhuri ikaingia meseji ya Odoch. Zuleika aliisoma akiwa amesimama jikoni.

“Baba yako mdogo amenipigia. Ameongea vizuri, hakunitukana. Amesema umemaliza eda na niache mambo yaishe kwa amani. Hilo neno sikulijua. Nimemuuliza Sadik hapa kambini, yeye ni Mwislamu. Ameniambia mwanamke anakaa eda akiachwa au akifiwa. Zule, mimi sijakuacha. Kwa hiyo nimekufa lini?”

Kabla hajamaliza kuisoma mara ya pili ikaingia nyingine.

“Kesho sipigi. Zamu yangu nimempa Sadik. Kama umeamua kurudi kwa watu wako niandikie ndiyo, sitakusumbua. Usipoandika kitu mpaka kesho jioni, nitajua ni ndiyo.”

Akaandika: Odoch, si hivyo. Akafuta. Akaandika: Nina kitu usoni. Akafuta. Akajaribu kupiga, simu haikupokelewa. Akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mgongo kwenye gunia la mkaa, na ndiyo akaelewa vizuri kilichokuwa mbele yake. Akibaki amejifunika atapata baba, atapata heshima, atapata na mume mwenye malori. Atampoteza Odoch. Akijifunua, huenda akawapoteza wote.

Jumapili saa tisa wageni wakafika. Ramathan alikuwa mtu nadhifu, kanzu imepigwa pasi, amekuja na katoni ya juisi. Alikaa kwenye ncha ya kiti akaongea kwa adabu.

“Mimi sina haraka, Ustadha. Nimekuja tu tufahamiane.”

“Karibu,” Zuleika akasema.

Abdul-Latif akakohoa. “Mwanangu, unaijua sheria. Mchumba ana haki ya kumwona uso anayemposa, ili baadaye pasiwe na lawama. Mimi niko hapa, hakuna ubaya. Funua kidogo.”

Zuleika akahisi taya linapiga kwa maumivu pamoja na moyo. Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Mtu wa kwanza kuuona uso huu awe mgeni mwenye katoni ya juisi?

“Nipeni dakika tano, Baba.”

Akaingia chumbani akafunga mlango. Akavua nikabu. Akakigeuza kioo, akajitazama, kisha akafungua pazia mwanga ukaingia wote. Akachukua ile simu mpya, akajipiga picha bila kuchagua upande. Ya kwanza ikatoka na ukungu, akapiga nyingine. Akaandika:

“Huu ndio uso wangu. Nilichomwa sindano za kujaza mashavu ili ukipiga simu unione mzuri. Zimeharibika. Sina mwanaume, sina eda, sijaenda kwa watu wowote. Nilijificha tu. Nisamehe.”

Akatuma picha na maneno. Tiki mbili. Akasubiri. Tiki zikageuka bluu.

Odoch alikuwa ameona.

Zuleika akaikodolea macho simu. Sasa ataandika. Sasa atapiga. Dakika ikapita, nyingine ikapita. Juu kwenye skrini iliandikwa yuko hewani, kisha yale maneno yakatoweka. Odoch ameona, na ameondoka.

Sebuleni mzee akakohoa tena.

Ni ajabu, lakini hakulia. Kilichobaki cha kuogopa kilikuwa kidogo. Akaiweka simu kitandani, akaiacha nikabu hapohapo, akatoka na ushungi wake wa kawaida kichwani na uso wake wote nje.

“Astaghfirullah!” Abdul-Latif akasimama, chai ikamwagika. “Ni nini hicho? Nani amekupiga?”

“Hakuna aliyenipiga, Baba. Nilijitakia mwenyewe. Nilichomwa sindano za urembo Kabalagala.”

“Sindano za…”

“Nilijifunika ili watu wasione. Si kwa ajili ya dini, Baba. Sala zangu ni zilezile za siku zote, sikuwahi kuziacha, hata nilipoolewa na Odoch. Na sikumwacha Odoch. Nilipaswa kukuambia Alhamisi. Sikuweza, kwa sababu uliniita mwanangu.”

Ramathan alikuwa tayari yuko mlangoni anatafuta viatu vyake, na haraka ile ikamfanya avae cha kulia mguu wa kushoto. Akasema “pole” moja ndogo akiwa nje.

Mzee alibaki amesimama.

“Kwa hiyo haikuwa Mungu,” akasema.

“Ilikuwa aibu, Baba.”

Alimtazama kidogo, si usoni, mikononi. Kisha akachukua kofia yake kwenye meza na kutoka. Zuleika alimsindikiza kwa macho mpaka barabarani. Mzee hakugeuka.

Akarudi ndani. Katoni ya juisi ilikuwa bado pale. Vikombe vitatu, kimoja kimemwagika. Akaanza kufuta meza, maana meza ilikuwa chafu na hakuna mwingine wa kuifuta. Nyumba ilikuwa kimya hata maji ya kitambaa yalisikika yakidondoka. Akajiambia: basi, ndivyo ilivyo, Zuleika, zoea.

Simu ikaita chumbani.

Ilikuwa simu ya video. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, vikateleza mara mbili kwenye skrini kabla hajapokea.

Odoch alitokea amechuchumaa pembeni ya hema, jasho usoni, anahema kama mtu aliyekimbia. Macho yalikuwa mekundu. Zuleika akainua kiganja kuziba shavu.

“Toa mkono,” Odoch akasema.

“Odoch…”

“Nimesema toa mkono, Zule.”

Akatoa.

“Nilikuwa lindo. Nimeiona picha yako, kamanda akaniona na simu akaninyang’anya. Nimempigia magoti, unasikia? Mbele ya vijana wangu. Nimechukua tena zamu kutoka kwa Sadik.”

“Nilidhani umeondoka.”

“Niondoke niende wapi?” Sauti ikampanda. “Siku tatu silali! Nimejiandaa kusikia jina la mwanaume. Nimelitafuta hilo jina kichwani, nikawashuku mpaka majirani. Kwa mwanaume nilikuwa nimejiandaa, Zule. Sikujiandaa kwamba anayeogopwa ni mimi.”

“Nimekuwa mbaya, Odoch. Niangalie.”

“Nakuangalia. Na nimekasirika, usifikiri sijakasirika. Ungekufa humo ndani na mimi nauliza habari za kamera?”

“Niliona aibu.”

“Mimi mumeo!” Akageuza uso pembeni, akaupangusa kwa mkono wa gwanda, akarudi. “Kesho asubuhi unaenda hospitali. Nimempigia Akullo, nimemwambia yote. Alikuwa analia, anajitukana. Atakuja akuchukue, umfungulie mlango.”

“Nitamfungulia.”

“Usikande tena, usiguse chochote mpaka daktari aone.”

“Sawa.”

“Likizo yangu ni miezi miwili bado. Siwezi kuja kabla. Nimeomba, wamekataa.”

“Najua.”

Dakika za zamu zilikuwa zinakwenda na hakuna aliyezijali. Zuleika alikuwa ameketi kwenye ncha ya kitanda, upande wa dirisha, na kwenye kile kidirisha kidogo pembeni uso wake ulikuwa umejaa mwanga, vinundu vyote vinaonekana. Mara hii hakujiangalia. Alikuwa anamwangalia mumewe, amekonda, pua imebabuka kwa jua.

“Sogea karibu,” Odoch akasema.

Akasogea.

Odoch akamtazama kwa muda mrefu, shavu la kushoto, jicho, taya. Alipozungumza tena hasira ilikuwa imekwisha na sauti ilikuwa ya chini kabisa.

“Zule.”

“Naam.”

“Inauma?”

Miezi yote ile, Nabilah aliuliza kama amesugua vizuri. Akullo aliuliza nani yuko ndani. Akina mama waliomba dua, na babake alitaka neno. Hilo hakuna aliyeuliza, maana yeye mwenyewe hakumpa mtu nafasi ya kuliuliza. Kilio chote kikatoka kwa pamoja, kilio cha mtoto, chenye makamasi, kisichoangalia nani anaona.

“Inauma,” akasema. “Inauma, Odoch. Nikitafuna inauma. Nikilala inauma. Nikicheka na wewe inauma.”

“Inaanzia wapi? Nionyeshe.”

Zuleika akainua kidole, akaanza kumwonyesha.